Usiudharau Mlima kwa Ufupi Wake

(Hotuba iliyotolewa Glasgow mbele ya Waswahili wanaojiandaa kwa matembezi ya kiangazi. Imeandikwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka, hamjambo nyote?

Naanza na swali. Ni nani humu ndani amepanda Kilimanjaro, au ana ndugu aliyepanda? Naona mikono. Mlima Kenya je? Haya. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba mlima mrefu kuliko yote Scotland, na Uingereza nzima, una mita 1,345, atacheka. Atakwambia geti la Marangu, pale watu wanapojiandikisha kabla hata hawajapiga hatua, liko juu kuliko hapo. Na hakosei.

Kicheko hicho ndicho kilichonisimamisha hapa.

Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji. Yuko mpishi, wako wapagazi, yuko mtu wa kukuamsha usiku wa manane na kukuambia "twende", na huyo huyo ndiye wa kukuambia "geuza, leo hufiki". Hapa Scotland hakuna geti, hakuna kitabu cha kusaini, hakuna ada, hakuna askari wa hifadhi wa kukutazama viatu akatikisa kichwa. Mwongozaji ni wewe. Mpishi ni wewe. Mpagazi ni wewe. Na wa kusema "geuza" ni wewe, tena utasema wakati umeshachoka, umelowa, na wenzako wanakutazama.

Tuuchukue huo mlima wenyewe, Ben Nevis. Fort William ni mji wa pwani, kwa hiyo unaanza kupanda karibu na usawa wa bahari. Kutoka geti la Marangu hadi kibanda cha Mandara, siku ya kwanza ya Kilimanjaro, unapanda kama mita 850, kisha unakunywa chai na kulala. Ben Nevis unapanda zaidi ya mita 1,300 na kushuka zote siku hiyo hiyo, kwa magoti yale yale.

Mwaka 1881 palikuwa na bwana mmoja, Clement Wragge, aliyejitwika kazi ya kupanda mlima huu kila siku, kuanzia Juni hadi Oktoba, ili asome vipimo vya hali ya hewa kileleni. Kila siku, nasema. Mkewe alibaki chini Fort William akisoma vipimo vyake, ili takwimu za juu na za chini zilinganishwe. Kwa juhudi hizo, mwaka 1883 kilijengwa kituo cha hali ya hewa pale juu, pamoja na njia ya farasi wa mizigo. Kituo kilifungwa mwaka 1904, lakini njia ile ndiyo mnayoipita leo. Na wale waliokaa kituoni walijengewa mnara wenye mlango wa juu. Kwa nini mlango wa juu? Kwa sababu wa chini ulikuwa unazikwa na theluji.

Fanyeni hesabu nami. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi 6 na nusu. Fort William asubuhi ni nyuzi 15, watoto wanalamba aiskrimu. Kileleni ni nyuzi 6. Tia upepo wa kilomita 50 kwa saa, ambao pale juu ni upepo wa kawaida, na ngozi yako inaisikia hewa ile kama nyuzi sifuri. Hapo mvua haijanyesha bado. Ikinyesha, na wewe umevaa fulana ya pamba na suruali ya jinzi, umekwisha. Pamba inafyonza maji na kuyashikilia, na maji yale yananyonya joto la mwili. Ndiyo maana wanaotembea hapa huvaa fulana ya sufu au ya polista ndani, sweta nyepesi katikati, na koti la mvua lenye kofia juu ya vyote, pamoja na suruali ya mvua. Glovu na kofia ya sufu vinakaa kwenye shanta hata Julai. Hasa Julai, kwa sababu Julai ndipo watu wanapoviacha nyumbani.

Mwenzako akianza kupoa hatakuambia. Utamwona anajikwaa pasipo na jiwe. Anakuwa mkali bila sababu, au ananyamaza kabisa. Anashindwa kufunga zipu. Ulimi unakuwa mzito kama wa mlevi. Ukiona hayo, usimwambie "jikaze". Mtoe kwenye upepo, mkalishe juu ya shanta asigusane na ardhi, mvue kilicholowa ikiwa una kikavu cha kumvisha, mpe kitu chenye sukari, kisha mshuke. Pombe marufuku, inamwongezea kupoteza joto. Na akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, msidhani amepona. Hiyo ni hali ya kuita waokoaji.

Ndugu zangu, nije kwenye jua. Sisi tumekulia kwenye jua lenye adabu. Kwetu linachomoza kama saa 12 na kuzama kama saa 12, mwaka mzima, na saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya adabu hiyo. Jua la Scotland halina habari na saa yetu. Fort William katikati ya Desemba linachomoza karibu saa 3 asubuhi na kuzama saa 9 na nusu alasiri. Saa 9 na nusu! Kwetu hapo mtu ndiyo kwanza anaamka usingizi wa mchana. Juni linachomoza saa 10 na nusu alfajiri na kuzama saa 4 usiku. Tatizo la Juni ni jingine: mwanga unakudanganya uendelee kutembea wakati mwili umeshafunga duka.

Kwa hiyo muda unahesabiwa kabla ya kutoka, kwa kalamu. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliandika kanuni ambayo hadi leo haijapata mpinzani wa maana: lisaa limoja kwa kila kilomita 5, na lisaa jingine kwa kila mita 600 za kupanda. Ben Nevis kwa njia ya kawaida ni kama kilomita 8 kwenda. Hilo ni lisaa limoja na dakika 36. Mita 1,330 za kupanda ni masaa mawili na dakika 13. Jumla, masaa manne kasoro dakika kumi na moja, bila kupumzika, bila kula, bila picha za kutuma Tanga na Mombasa. Kushuka, kwa mguu usiozoea mawe, kunakula masaa mawili na nusu hadi matatu. Weka masaa manane. Sasa weka masaa manane ndani ya siku ya Desemba yenye mwanga usiofika masaa saba. Yanaenea? Hayaenei. Na hiyo ni bila theluji, ambayo inahitaji sururu ya barafu, meno ya chuma chini ya buti, na mtu wa kukufundisha kuvitumia kabla hujavihitaji.

Tochi ya kichwani basi, na betri za akiba, kila safari, hata kama unarudi mchana. Kati ya Kingshouse na Kinlochleven kuna mpando unaoitwa Ngazi ya Shetani, ambao juu yake ni mita 548 kutoka usawa wa bahari. Kati ya 1905 na 1909 vibarua walikuwa wakijenga bwawa la Blackwater, upande wa pili wa mpando huo, kwa ajili ya kiwanda cha alumini cha Kinlochleven. Baa ilikuwa Kingshouse. Jioni wengine walivuka kwenda kunywa, na usiku wa baridi wakaanza safari ya kurudi, wamelewa, bila taa. Baadhi hawakurudi, maiti zao zikaonekana theluji ilipoyeyuka. Karibu na bwawa kuna makaburi madogo yenye vibao vya saruji, na kimojawapo kimeandikwa tu kwamba aliyelala hapo hakujulikana. Mpando wenyewe ni mita 250 tu kutoka barabarani. Waliupita mara nyingi. Waliujua.

Sasa njia yenyewe mnayoitaka wengi wenu, West Highland Way. Ilifunguliwa rasmi Oktoba 1980, ya kwanza ya masafa marefu kutambuliwa rasmi Scotland: kilomita 154 kutoka Milngavie, hapa hapa mlangoni pa Glasgow, hadi Fort William. Na Milngavie, tafadhali, hutamkwa "Malgai". Ukilisoma lilivyoandikwa, kituoni Queen Street watakutazama tu.

Watu wengi huitembea kwa siku saba au nane, kutoka kusini kwenda kaskazini. Kuna sababu: siku za mwanzo ni laini, mwili unapata nafasi ya kuzoea. Siku ya kwanza hadi Drymen, kilomita 19, tambarare, kila mtu anaimba. Na siku hiyo hiyo ndipo safari nyingi zinapoharibika, ila mwenyewe hajui bado. Anatembea mbio kwa kuwa njia ni nzuri, buti ni mpya, na pale kisiginoni pana mahali pamoto kidogo. Anasema, nitapaangalia jioni. Jioni ni lengelenge. Kesho yake ni kilomita 24 hadi Rowardennan, kupitia kilima cha Conic, mita 361, chenye mteremko mkali hadi Balmaha, na lengelenge linapasuka. Keshokutwa yuko kwenye basi.

Pakiwa pamoto, simama hapo hapo. Hata kama mvua inanyesha, hata kama wenzako wanaguna. Vua buti, kausha, bandika plasta pana au utepe wa kitambaa usio na mkunjo, geuza au badilisha soksi. Dakika tano. Kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla ya safari, kwa sababu kwenye mteremko vidole vinagonga mbele ya buti, na kucha ndefu inakuwa nyeusi. Kabla ya kushuka, kaza kamba pale kifundo cha mguu kinapokunjika: zungusha kamba mara mbili badala ya moja kabla ya kupanda juu, na kisigino kitabaki nyuma mahali pake.

Siku ya tatu ndiyo inayowashangaza watu. Kwenye ramani ni ukingo wa ziwa, Loch Lomond, na mtu anajiambia ukingo wa ziwa ni bapa. Kutoka Inversnaid hadi Inverarnan ni kama kilomita 10, na shanta kubwa mgongoni zinakula masaa manne. Ni mizizi, majabali yenye utelezi, vijingazi, unashuka kwa makalio na kupanda kwa mikono. Hapo kanuni ya Naismith inavunjika, kwa sababu yeye alihesabu umbali na urefu, mizizi hakuihesabu. Fimbo mbili za kutembelea zinasaidia kila mahali kwenye njia hii isipokuwa hapa, zifungeni kwenye shanta mpate mikono. Na jueni kwamba ukingo ule wa mashariki, kuanzia Machi mosi hadi Septemba 30, hupigi hema popote upendapo. Unahitaji kibali cha hifadhi au uwanja wa kambi.

Kutoka Inverarnan hadi Tyndrum ni kilomita 20 za kawaida. Pale Tyndrum nunueni chakula. Mbele yake kuna hoteli, lakini duka la maana hamlioni hadi Kinlochleven. Halafu Inveroran, halafu nyika ya Rannoch, kilomita 16 za barabara ya mawe bila paa wala mti wa maana wa kujikinga. Kama utabiri unasema upepo wa zaidi ya kilomita 65 kwa saa na mvua ya usoni, lala Inveroran siku ya pili. Njia za treni na basi haziko mbali sana, na treni ya kwenda Fort William inasimama Crianlarich, Tyndrum na Bridge of Orchy. Hakuna aibu kupanda treni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huku kuvunjika guu si mfano wa maneno.

Wengine mtauliza habari za mizigo. Kuna magari yanayochukua begi lako asubuhi, ukalikuta nyumba ya kulala jioni. Ni wapagazi, ila wana usukani. Ukibeba hema mwenyewe, jitahidi shanta isizidi kilo 12 au 13 na chakula ndani. Ikizidi, kuna kitu umebeba kwa woga.

Ramani. Hapa ndipo mtanisamehe nikikaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Mswahili ana faida asiyoijua. Majina ya milima hii ni ya Kigaeli, na Kigaeli kinaeleza kama Kiswahili kinavyoeleza. Beinn ni mlima. Allt ni kijito. Mòr ni kubwa, beag ni ndogo, dubh ni nyeusi. Buachaille Etive Mòr ni Mchungaji Mkubwa wa Etive. Kinlochleven ni kichwa cha ziwa Leven. Na coire, lile bonde la duara lililochimbwa ubavuni mwa mlima, maana yake ni sufuria! Ukiona coire, jua unaingia ndani ya sufuria, kuta pande tatu. Ukiona mòine, ni udongo mweusi wa kinamasi, buti zitalowa. Ukiona allt inakatiza njia yako na mvua imenyesha usiku kucha, jiulize kama itapitika. Vijito hivi vinajaa ndani ya saa chache na kupungua ndani ya saa chache. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Subiri, au zunguka.

Simu je? Simu nzuri. Simu ina ramani. Simu pia ina betri inayokufa kwenye baridi na kioo kisichosikia kidole kilicholowa. Kwa hiyo chukueni dira, na twende kileleni Ben Nevis, ndani ya ukungu, maana kilele kile kiko ndani ya wingu siku nyingi kuliko kilivyo nje.

Umesimama kwenye nguzo ya saruji ya wapima ardhi. Huoni mita 20. Ukitazama upande wa kushukia, kulia kwako, karibu sana, kuna korongo la Gardyloo, ambamo wale wa kituo cha hali ya hewa walikuwa wakitupa taka zao. Ukinyoosha sana kulia, unafuata taka. Ukikwepa sana kushoto, mbele kuna korongo jingine, la Vidole Vitano, ambalo limeua watu. Njia salama ni uchochoro kati ya hayo mawili. Zungusha pete ya dira hadi digrii 231, ukirekebisha kwa ile tofauti ndogo ya sumaku iliyoandikwa kwenye ramani. Shika dira kifuani, mshale wa safari ukitazama mbele. Sasa geuka wewe mwenyewe, mwili mzima, hadi sindano nyekundu iingie kwenye nyumba yake, ule mshale uliochorwa ndani ya pete. Chagua jiwe lililo kwenye mstari huo, liendee, chagua jingine. Hesabu hatua. Baada ya mita 150, simama, badilisha pete hadi 282, na ufuate mstari huo kushuka hadi njia ijionyeshe. Anayeruka ile ya kwanza na kuanza moja kwa moja na 282 anatembea kuelekea korongoni.

Nimesema hesabu hatua. Hatua ngapi? Tutarudi hapo.

Sheria niipitie upesi. Mwaka 1888 kesi ya njia ya wachungaji ya Glen Doll ilifika hadi Bunge la Malodi, London. Mwenye ardhi alikuwa ameifunga, na ushahidi mkubwa ulikuwa wa watu waliokuwa wakiswaga kondoo mle tangu ujana wao. Njia ikashinda. Leo, kwa sheria ya mwaka 2003 iliyoanza kutumika 2005, una haki ya kutembea karibu kila mahali Scotland na kupiga hema usiku mbili tatu, mradi uwe na adabu: geti uliache ulivyolikuta, haja ndogo mita 30 kutoka kwenye maji, haja kubwa mbali zaidi na ifukiwe. Vile vibanda vya mawe vya kulala bure, kama Rowchoish na Doune kando ya Loch Lomond, havina umeme wala choo. Beba koleo dogo, beba kuni kama unataka moto, na usitegemee kitanda.

Wadudu. Usubi wa hapa ni mdogo kuliko wa kwetu na mkali kuliko wa kwetu, kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba, alfajiri na magharibi, siku isiyo na upepo. Upepo mdogo tu unaumaliza, kwa hiyo hema lipigwe mahali penye upepo, si kwenye kivuli kizuri kando ya maji. Chandarua cha kichwa kina bei ndogo. Kupe nao wako kwenye majani marefu. Jioni jikagueni kwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja juu, usimpake mafuta wala kumchoma. Alama nyekundu inayotanuka katika wiki zinazofuata ni ya kumwonyesha daktari.

Na likitokea la kutokea, ni 999 au 112. Omba polisi, halafu waambie polisi unataka uokoaji wa milimani. Sauti isipopita, ujumbe mfupi unaweza kupita, lakini lazima namba yako iwe imesajiliwa. Fanyeni sasa, mkiwa mmekaa: andikeni neno "register", tumeni kwa 999, fuateni maelekezo. Kipenga ni mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Wanaokuja ni watu wa kujitolea, wameacha chakula mezani, na hawadai senti.

Mmemaliza kutuma? Vizuri. Sasa zile hatua. Nje hapa, kutoka getini hadi ule mti wa pili, tumepima kwa kamba mita 100. Tutatembea mwendo wa kawaida, shanta mgongoni, na kila mguu wa kushoto ukikanyaga, hesabu moja. Wengi watapata kati ya 60 na 70. Wenye miguu mirefu watapata chini ya hapo, watoto zaidi. Andika namba yako nyuma ya ramani yako. Kisha tutaenda na kurudi mara ya pili, tukipanda kile kilima cha nyuma ya ukumbi, ili kila mtu aone namba yake inavyobadilika ardhi ikiinuka. Mama pale mbele, wewe na mjukuu wako mtaanza.